Noeline na Nzi wa Manyoya

1 Juni, Jumapili

Nimemwona tena. Noeline, Mganda wa Tumba, kasimama peke yake kwenye gati la ziwa na ufito wake wa kuvulia mkononi. Nimepanda basi na treni kutoka kwangu Hagsätra, hapahapa Stockholm, ili nimwambie nilikuwa napita tu. Hakuna mtu anayepita Tumba tu. Hakuniumbua.

Anavua kwa nzi wa bandia. Alifundishwa na bibi mmoja wa Kiswidi katika nyumba ya wazee anakofanya kazi. Bibi alipofariki alimwachia ufito. Chambo hakuna. Ni kindoana kidogo, kimevishwa manyoya na uzi mpaka kikafanana na mdudu. Mshipi unarushwa nyuma, unarushwa mbele, mdudu anatua juu ya maji polepole. Samaki wadogo wapana, mapezi mekundu, Waswidi huwaita sarv, wanapanda kumdaka. Halafu anawarudisha majini. Wote! Nikauliza kulikoni. Akacheka, akasema wanamkumbusha Entebbe, ziwa la kwao na marehemu baba yake. Hakuendelea. Kicheko chake nimekuja nacho mpaka nyumbani.

Nikamwambia mimi pia ni mvuvi wa nzi, tena wa siku nyingi. Mimi, mtoto wa Tabora. Maji mengi niliyoyaona utotoni ni ya bomba, tena ya zamu.

Kato alikuwapo. Dereva wa basi, Mganda mwenzake, naye anamtaka, dunia nzima inajua. Ana ufito wa bei mbaya na kizibao chenye mifuko kila mahali. Ananiita mzee Damas. Tuko rika moja!

3 Juni, Jumanne

Nimefunga nzi watatu. Manyoya sina, nimetumia nywele za rasta za Malaika, uzi mwekundu na kipande cha karatasi ya alumini. Ndoana nimeibana kwa koleo, koleo nimelikalia. Malaika ni binti yangu, yuko chuo. Kaniangalia, kasema "Pappa, nej," yaani baba, hapana, karudi chumbani kwake. Mtoto wa Uswidi. Hajui mtu wa makamo anavyoweza kutamani sauti ya mtu mmoja tu ndani ya nyumba.

Nzi wa kwanza: buibui aliyekanyagwa. Wa pili kanichoma kidole gumba. Wa tatu ana sura. Nimempa jina. Siliandiki hapa.

Fauziya, Mganda ninayefanya naye kazi jikoni pale shuleni, kauliza hizi plasta za nini. Nikasema vitunguu. Akasema basi kitunguu kimoja bado kinaning'inia kwenye mkono wa sweta. Alikuwa nzi wa pili.

7 Juni, Jumamosi

Ushindi. Nimekwenda ziwa la karibu na kwetu (kadi ya kuvulia nimekata, mimi si mhuni) nikamrusha yule wa tatu. Mara ya kwanza kanasa mti. Mara ya pili kanasa kofia yangu. Baadaye, sijui nilifanyaje, alitua vizuri na sarv akapanda. Kisha mwingine, na mwingine. Rasta zinapendwa.

Njama ni hii. Mwanamke anayerudisha samaki majini ni mwanamke asiye na wa kumparia magamba. Basi nimepara. Nimewakausha kwa moshi jikoni, kama wanavyopenda watu wa ziwani. King'ora cha moto kimelia mpaka jirani yangu Alma akaja kugonga na taulo kichwani. Nikamwomba radhi. Nikampa mkia.

Kesho namkabidhi mbele ya watu wote. Kato atabaki na mifuko yake.

8 Juni, Jumapili, Pentekoste

Sitaki kuandika. Naandika.

Baada ya ibada Waganda walipika ukumbini Tumba. Nikamkabidhi kikapu. Watu wakasogea. Noeline akafunua kitambaa, akafunika tena taratibu kama mtu anayemfunika mtoto. Akanivuta pembeni. Akasema, bila hasira, kwamba yeye ni wa ukoo wa Nkejje. Nkejje ni samaki mdogo wa ziwa la kwao, na ndiye mwiko wa ukoo wao: hawamli, wanamheshimu kama ndugu. Uswidi nkejje hakuna. Kwa hiyo miaka yote hii amewateua hawa wadogo wenye mapezi mekundu. Huwashika kidogo, huwasalimu, huwaachia. Ndivyo anavyokwenda kwao bila nauli.

Nimemletea ndugu zake wamekaushwa kwa moshi.

Kikapu alikichukua Kato. Yeye ni wa ukoo mwingine. Nilimkuta nyuma ya ukumbi anakula, akasema chumvi haikukolea.

10 Juni, Jumanne

Aibu imenikaba siku mbili. Leo nimepata dawa, nikiwa namenya viazi. Kama mwiko ndio uliomuumiza, na mimi niubebe! Nikamuuliza Fauziya kama mtu wa nje anaweza kupokewa katika ukoo wa Kiganda. Akasema imewahi kutokea, wakubwa wa ukoo wakiridhia. Kisha akaanza kusema "lakini". Sikungoja. Lakini za Fauziya haziishi kabla ya chai.

Nimempigia Ssenga Christina wa Hjulsta, shangazi yake Noeline upande wa baba. Ameshangaa, kisha amefurahi mno. Amesema Jumapili.

15 Juni, Jumapili

Nilisimama mbele ya watu. Nikasema mimi Damas, kuanzia leo, sitamla samaki yule wala wa kufanana naye, na ukoo wa Nkejje ndio ukoo wangu. Vigelegele! Ssenga Christina akanikumbatia, akanipa jina la ukoo. Noeline alilia. Alinishika mikono yote miwili, hakuiachia upesi. Viganja vyake vina joto. Akaniita kaka. Sawa tu. Hata kwetu uchumba mwingi huanzia kwenye kaka.

Kato naye alikuja kunipa mkono. Aliutikisa kwa nguvu, akaniletea soda, akaniwekea na kiti. Mtu akishindwa huwa mkarimu.

17 Juni, Jumanne

Fauziya kamalizia lakini yake.

Watu wa ukoo mmoja ni ndugu wa damu. Hawaoani. Hata wakitaka, hata wakikutana Stockholm, hata kama mmoja wao ameingia juzi. Si hivyo tu. Kato alishatuma posa tangu majira ya baridi. Posa ilikwama kwa sababu Noeline hana kaka katika nchi hii wa kusimama siku ya kutambulishana, siku upande wa mume unapokuja rasmi kwa ukoo wa mke, na Ssenga hataki mambo ya nusunusu. Kaka yake wa pekee alifia Entebbe. Wamemtafuta wa kukaimu mpaka Norway. Sasa amepatikana, tena amejitolea mwenyewe mbele ya watu.

Nilikaa juu ya gunia la viazi. Nimeumia. Naandika hivyo bila mzaha.

Nilitaka kumpigia Ssenga nijitoe. Akawahi Noeline kupiga. Akasema tangu Jumapili hapati usingizi kwa furaha. Akasema tangu kaka yake afariki hakuna mtu katika nchi hii anayemuuliza kama amekula. Nikamuuliza kama amekula.

Akasema bado. Nikamwambia ale.

23 Agosti, Jumamosi

Siku ya kutambulishana, Tumba. Wamenivika kanzu na koti. Njama ilikuwa tayari: kaka anaulizwa kama anawatambua wageni, nami nitasema sijawahi kuwaona. Shughuli ivunjike, warudi mwakani, na mwakani ni mbali.

Noeline akaingia na gomesi, gauni la sherehe la Kiganda, la kijani. Akapiga magoti, akaniangalia. Macho yalikuwa yanauliza. Nimeyatamani macho hayo tangu mwaka juzi, na mara ya kwanza kuniomba kitu yameomba hiki. Nikasema nawatambua. Sauti ilikatika katikati. Watu wakadhani ni furaha, wakapiga makofi.

Kisha nikapewa jogoo. Ndiyo desturi yao: jogoo wa kuliwa na kaka peke yake, asante ya kumwachia dada. Mzima, mwekundu, ndani ya boksi la ndizi, ametoka shamba moja huko Nynäshamn. Kato alimleta kwa mikono miwili na heshima zote, akaniita shemeji. Hakuniita mzee. Nilikosa hata cha kumchukia.

Nimerudi na treni, jogoo mapajani. Hakuna Mswidi aliyeuliza. Wote waliangalia simu zao.

24 Agosti, Jumapili

Jogoo yuko bafuni. Malaika amehamia kwa rafiki yake. Alma kagonga kuuliza sauti ile ni ya nini, nikasema ni mazoezi ya kwaya. Manyoya ya shingo yameanza kudondoka kwenye beseni, yanang'aa. Nimefunga nzi wawili, wazuri kuliko wa madukani. Nitampelekea Noeline. Kaka anaruhusiwa kumtembelea dada yake, na jioni za kazi Kato huwa barabarani na basi lake.

Fauziya kwenye simu amesema jogoo akishapokelewa mambo yamekwisha, nikubali. Nikamuuliza na kumla je? Akasema kumla ni kukamilisha tu.

Kukamilisha! Kasema mwenyewe, kwa kinywa chake. Basi jambo halijakamilika.

Nimekwenda dukani, nimemnunulia mtama mfuko mkubwa. Noeline kapiga kuuliza kama kaka yake ameshamla jogoo. Nikasema bado. Akauliza kama ana ugonjwa. Nikasema hapana, ni mzima kabisa, na nimesoma kwamba jogoo akitunzwa vizuri huishi miaka mingi. Kisha kauliza kama mimi nimekula.

Nimemtandikia jogoo taulo jipya. Kesho namtafutia mchicha.