Madumu Sita ya Lorne Haskett

Siku Gord Fretz alipolia mbele za watu kwa ajili ya kabureta, Lorne Haskett alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, donati mkononi, na ile donati hakuimaliza. Mjanja wa kweli akiona riziki mbele yake, njaa humtoka.

Ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya Juni, nyuma ya duka la matairi hapa Ridgeway. Hapo ndipo tunapokutana kila wiki na magari yetu ya kale, tangu mvua zinapoosha barabarani chumvi ya kuyeyushia barafu, ile inayokula vyuma, mpaka majani yaanze kuanguka. Utaratibu wetu hauna siri. Wanaume tunainamia boneti zilizo wazi na kutikisa vichwa kama madaktari. Wake zetu wanakaa nyuma ya magari kwenye viti vya kukunja, wanafuma soksi na kutusema.

"Imekwisha!" Gord alikuwa akipiga kelele. "Tazameni mpira huu, umekuwa uji! Wanatutilia pombe ya mahindi kwenye petroli, jamani, pombe! Gari la mwaka hamsini na saba, limekulia petroli tupu, leo linafundishwa ulevi uzeeni!"

"Pole, kaka," Lorne akasema, akimshika bega. "Kwani hujui kwamba petroli isiyo na pombe bado ipo?"

"Ipo wapi?"

Lorne akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti mpaka uwanja mzima ukamsikia vizuri. "Ng'ambo."

Ng'ambo kwetu ni daraja moja tu. Upande huu Kanada, ule Marekani, na spea zote za magari yetu ziko upande ule. Sasa, mimi sisemi kwamba sisi ni wahalifu. Nasema tu kwamba mke wa Gord aliwahi kukalia pampu ya maji kutoka Buffalo, mji wa ng'ambo, mpaka nyumbani, huku akimtabasamia afisa wa forodha na kumuuliza habari za watoto. Kila mmoja wetu ana pampu yake ya kukalia. Ndiyo maana Lorne alipoanza kutuletea spea mwezi ule, akatuonyesha na risiti za forodha zenye mhuri, tulimtazama kama tunavyomtazama mchungaji siku ya Pasaka.

"Mimi hutangaza kila kitu," alituambia. "Hata sandwichi."

Mtu anayetangaza sandwichi, utamshuku nini? Akaja na petroli. Madumu mekundu, kila moja na karatasi iliyobandikwa yenye jina la Lorne, kutoka, alivyodai, kwa mkulima mmoja wa Pennsylvania mwenye pampu ya babu yake. Ukweli ni kwamba aliijaza kwenye kituo cha hapa hapa, dakika kumi kwa gari, kwenye pampu ya bei ya chini kuliko zote, yenye pombe kama petroli nyingine. Halafu alidondosha matone ya arki ya lozi, ile ya kutia kwenye keki. Mzee mmoja alinusa dumu, akasema hii ndiyo harufu ya mwaka sitini na tisa, akatoa leso. Mimi mwenyewe nilinunua manne. Sitaki maneno.

Utauliza, hamkupima? Kipimo tunacho, kila mtu anacho gereji kwake: kichupa chenye mistari. Unatia maji kidogo, unatia petroli, unatikisa, unaacha itulie. Maji yakiongezeka chini, ujue yameinywa pombe. Basi, kila mtu alikuwa na kichupa, na kila mtu aliona haya. Unampimaje mtu aliyekuchukulia shida yote ile, tena akakwambia "karibu tena"? Hapa kwetu ni afadhali gari life kuliko mtu aone hushukuru.

Tena Lorne alisisitiza madumu yarudishwe, naye atalipa dola mbili kwa kila tupu. Sisi ni watu wa kuendesha gari kilomita ishirini kurudisha chupa za bia. Hiyo ndiyo iliyotumaliza kabisa.

Mwezi wa Julai tamaa ikamzidi. Akaanza kuongeza maji ya bomba kwenye kila dumu, kikombe kimoja, kisha viwili. Na hapo ndipo macho yake yalipotua kwa Bibi Adeline Reimer.

Bibi Adeline alikuwa na miaka sabini na tisa, mjane wa Abe Reimer. Alhamisi zote alikaa kwenye kiti chake cha kukunja nyuma ya Studebaker ya mwaka sitini na sita, gari la familia la rangi ya buluu ya bahari, ambalo paa lake la nyuma linasukumwa likafunguka ukapakia hata jokofu likiwa limesimama. Lilitengenezwa Hamilton, kilomita mia moja kutoka hapa, miezi michache kabla kiwanda hakijafungwa. Abe alilinunua mwaka waliooana. Watoto wao watatu walitoka hospitali ndani yake, na Abe mwenyewe ndani yake ndimo alimopelekwa, mara ya mwisho. Bibi Adeline alikuwa amekula chumvi nyingi, gari lake hata punje. Halijawahi kutoka gereji wakati wa baridi.

"Siliuzi," aliwaambia wote waliouliza. "Nikifa mnizikie humo, paa lifungueni nipate hewa."

Lakini daktari mmoja wa meno huko Ohio alikuwa amemwambia Lorne: niletee gari la namna hiyo, nakupa dola elfu ishirini na mbili za Kimarekani. Kwanza Lorne akamuuzia bibi madumu sita. Baada ya wiki mbili akaenda kwake, saa ya chai, na kichupa cha jemu mfukoni.

Jikoni alikaribishwa pai ya stroberi. Mezani palikuwa na harufu ya mafuta ya taa, na kando ya sahani kitu kidogo cha shaba chenye tundu. Lorne alidhani ni kifungo cha koti, akakisogeza apate pa kuweka kiwiko.

"Mama, sikulala," akaanza. "Alhamisi niliisikia injini yako. Inapumua vibaya."

"Inapumua vibaya?"

"Kama mtu mwenye pumu. Niruhusu niitazame."

Akaenda gereji peke yake, akakaa dakika kumi akipigapiga vyuma, akarudi na kile kichupa. Ndani palikuwa na uji mzito wa kahawia wenye vipande vya kutu.

"Hii nimeitoa kwenye tangi. Pombe ya mahindi, mama. Umeitia miaka na miaka bila kujua. Petroli yangu nzuri imekuja kwa kuchelewa. Injini yote imeliwa."

Bibi Adeline alichovya kidole, akanusa. Ule uji ulikuwa sharubati ya mti, ule utomvu mtamu tunaochemsha kila Machi na kumwagia chapati za asubuhi. Lorne alitafuta kitu kizito, akachukua kilichokuwa kabatini kwake. Jamani! Kumdanganya mtu wa hapa kwa sharubati ya mti ni sawa na kumdanganya ng'ombe kwa nyasi za kuchora.

"Maskini injini yangu," bibi akasema. Machozi yakamlengalenga, na nasikia yalikuwa ya kweli, maana alikuwa amekasirika sana. "Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Mimi nitalichukua nikuondolee mzigo. Elfu nne taslimu. Kwa chuma chakavu, hiyo ni bei ya huruma."

"Elfu nne! Wewe una moyo. Na tuandikiane risiti?"

"Risiti ya nini, mama? Ukiandika, serikali itataka kodi. Kadi ya gari iache kwa jina lako, namba iache hiyo hiyo, mimi nitabadilisha baadaye."

"Kwa hiyo mbele ya serikali litakuwa bado langu?"

"Aa, hizo ni karatasi tu."

"Karatasi tu," bibi akarudia, akamkatia kipande kingine cha pai.

Jumamosi asubuhi Lorne alikuja na noti kwenye bahasha. Bibi Adeline alizipokea bila kuhesabu, akampa ufunguo.

"Tangi nimelijaza," akamwambia. "Mama yangu alinifunza usimpe mtu chombo kikavu. Na buti nimelipanga vizuri."

"Ubarikiwe, mama."

"Na wewe uende salama, kadiri utakavyojaliwa."

Mpaka Fort Erie, mji ulio mguuni pa daraja la mpakani, gari lilikohoa mara tano. Lorne alijiambia ni uzee. Kupanda Daraja la Amani likakohoa mfululizo. Foleni ya Jumamosi ilikuwa ndefu, songa, simama, songa, simama, na kila kusimama maji yaliyolala chini ya tangi yakatafuta njia yao kwenda kwenye injini. Katikati ya daraja, hasa pale zilipo bendera za nchi mbili, tairi za mbele Marekani na za nyuma Kanada, Studebaker ikashusha pumzi na kunyamaza.

Nyuma yake, wenye namba za Marekani wakapiga honi. Wenye namba zetu wakasubiri, wakimpungia mkono kumwonyesha kwamba si neno, kitu ambacho kilimtesa zaidi. Akafungua boneti. Akavuta mpira wa petroli kutoka kwenye kabureta, na pua yake ikapata habari kabla ya akili: lozi. Harufu ya keki, pale juu ya mto.

Akakimbia nyuma, akafungua buti. Madumu sita mekundu, yameoshwa, yamekaushwa, yamepangwa kwa safu, kila moja na jina la Lorne. Juu ya la kwanza, karatasi kwa mwandiko mzuri wa kike: "Ulisema yarudishwe. Samahani kwa kuchelewa."

"Habari za asubuhi, bwana," akasema afisa wa daraja, mwanamke mrefu aitwaye Paquette, binti wa jirani yangu, naye ndiye aliyenisimulia haya. "Gari la nani?"

"Langu. Yaani, naliendesha."

Afisa akatazama kadi. "Hapa imeandikwa Adeline Reimer. Ndiye wewe?"

"Ni shangazi yangu."

"Basi tumpigie shangazi." Akapiga simu, akaiweka sauti ya nje. "Mama Reimer? Samahani kukusumbua. Nina bwana hapa darajani na gari lako. Anasema wewe ni shangazi yake."

"Hee! Mimi nilizaliwa peke yangu, na marehemu pia," sauti ya bibi ikatoka, na nyuma yake birika likipiga mluzi. "Lakini namfahamu. Muulize anakwenda nalo wapi."

"Bwana, unakwenda nalo wapi? Umelinunua?"

Hapo Lorne Haskett akasimama kati ya nchi mbili akipiga hesabu. Akisema amelinunua, ataulizwa risiti, ataulizwa kodi, ataulizwa kwa nini anapeleka gari Marekani kuliuza bila kulitangaza, yeye mtangaza sandwichi. Mchimba shimo lile alikuwa ameshalichimba vizuri, tena na kuta amezilainisha.

"Sijalinunua," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa... nalijaribu tu. Nalirudisha."

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia, mwanangu. Nashukuru ameyatamka hayo mbele yako. Mwambie nasikitika kwa shida aliyoipata. Bredauni ya kulivuta nimeshaiita tangu alipoondoka. Nilidhani itamkuta Fort Erie. Hiyo ya darajani ni Mungu tu."

Saa sita mchana Studebaker ilikuwa gerejini kwake. Saa nane, Bibi Adeline, amevaa aproni, alikuwa ameshatoa petroli yote, amesafisha kabureta na kukirudisha mahali pake kidude chake cha shaba, ndugu wa kile ambacho Lorne alidhani ni kifungo. Maana ndivyo ilivyokuwa, na sisi wanaume wa Alhamisi hatukuwahi kuuliza: nusu ya kabureta za wilaya hii zilifufuliwa kwenye meza ile ya jikoni kwa mikono yake. Abe alikuwa akishika taa na kupokea sifa. Na kuhusu petroli ya Lorne, bibi aliipima siku ile ile alipoinunua. Alikaa kimya kwa sababu alitaka kujua jamaa anawinda nini.

Alhamisi iliyofuata alipita kwa kila mmoja wetu na bahasha, pesa zetu za madumu ndani, zimetoka kwenye zile elfu nne. "Pesa nimekurudishia," aliniambia mimi, mbele ya Gord, bila hata kupunguza sauti. "Akili kaitafute mwenyewe." Kisha akaenda kuketi kwenye kiti chake cha kukunja. Zile boneti tuliziacha wazi bila mtu. Tulichukua viti, tukaenda kukaa nyuma, karibu naye, tukauliza maswali kwa adabu.

Lakini nimetangulia mbele. Tumemwacha mtu darajani. Bredauni ilipolivuta gari, afisa Paquette alimwambia Lorne kwamba sheria hairuhusu kuacha vitu juu ya daraja. Lorne akayabeba madumu yote sita, matatu mkono huu, matatu ule, akashuka kwa miguu kurudi Kanada, yakigongana hatua kwa hatua, magari yote ya foleni yakimtazama. Chini, dirishani pa forodha, palikuwa na kijana mpole aliyekuwa akimpigia mihuri tangu Juni.

"Aa, Bwana Haskett! Karibu nyumbani. Leo una chochote cha kutangaza?"

Lorne akayaweka chini, moja moja.

"Madumu sita," akasema. "Matupu."