Kobe na Kitenzi Kisicho na Mwisho

Jumatatu, 4 Machi
Meneja wa hoteli katangaza: mmoja wetu wa chumba cha kufulia atapandishwa kwenda mapokezi. Usaili Ijumaa, kwa Kiingereza. Hatimaye! Tai, kiyoyozi, kiti cha kuzunguka. Nimechoka kuunguzwa na pasi. Mara Kobe, mwenzangu wa meza ya pili, naye kanyoosha mkono. Kobe! Mtu anayepiga pasi shati moja mpaka linazeeka. Dharau gani hii?

Jumanne, 5 Machi
Dawa yake nimeipata. Kamusi ya shemeji yangu mwalimu ina kitenzi kinaitwa “get”. Maana zake hazina mwisho! Kupata, kufika, kuelewa, kuamka, hata kuzeeka, kila moja na mifano yake. Nimemwazima Kobe. Nikamwambia wasaili huanzia hapo, asiguse kingine kabla hajakimaliza. Kanishukuru mpaka nikaona haya. Kidogo tu.

Jumatano, 6 Machi
Kobe anapiga pasi huku anasoma mifano kwa sauti. Kaunguza foronya. Safi kabisa! Mke wangu kauliza kwa nini kamusi nisisome mimi. Nimemwomba asiingilie mambo ya kazi. Mimi nimeshanunua tai.

Alhamisi, 7 Machi
Mgeni kashuka kwetu anafoka kwa Kiingereza. Nikajificha nyuma ya mashuka. Kobe kamjibu! Mgeni kaondoka anacheka. Eti alimwambia akapumzike, suruali yake ikikauka ataletewa chumbani. Eti ni mifano ya mle mle kwenye “get”, yeye kaiunganisha tu. Nani kamruhusu kuiunganisha?

Ijumaa, 8 Machi
Swali la kwanza, nikatabasamu. La pili, nikarekebisha tai. Kazi kapewa Kobe. Na bado! Kasimama mbele ya wafanyakazi wote, akasema bila kaka yake wa meza ya kwanza asingefika popote. Wakanipigia makofi. Makofi, mimi! Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekaa chini, nikatafuta kosa langu kwa utulivu. Nimeliona: kitenzi kilikuwa kifupi mno. Mwezi ujao wanatafuta msimamizi wa kufulia, na yule mama anayekunja mashuka ameanza kuulizauliza. Shemeji anasema kuna kingine, “run”, kinakula kurasa nyingi zaidi. Jumatatu asubuhi nampelekea. Huyo hachomoki!