Lita Moja na Nusu

Jumapili, 3 Machi
Nimeamua. Kuanzia kesho gari hili litanitii mimi. Wanangu wanaliita Ukumbi, kwa ukubwa wake. Linabeba watu wanane na magurudumu yote manne yanavuta. Nililinunua kwa ajili ya mama mkwe. Anaishi nasi, magoti yake hayapandi mlima wetu, na mlima wenyewe ukinyeshewa unakuwa sabuni. Lakini linavyokula mafuta! Mchana shemeji, kaka wa mke wangu, alikuja na kigari chake. Akaniuliza mbele ya watoto langu linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Nikasema kumi. Akacheka. Ni saba. Mimi, mwalimu wa hesabu, nimedanganya hesabu mbele ya wanangu. Aibu.

Jumatatu, 4 Machi
Mbinu ya kwanza. Mteremko wa sokoni, nikazima injini. Gari likaserereka lenyewe. Karibu kilomita nzima bila tone! Kisha kona. Usukani mgumu kama umepigiliwa misumari. Breki jiwe. Tukaishia kwenye ua wa michongoma wa mshonaji. Alitoka na utepe wa kupimia shingoni, akatazama ua wake, akanitazama mimi. Alisema hajawahi kuona gari lenye haraka ya kushonewa namna hii. Jumamosi nitapanda michongoma mipya.

Jumanne, 5 Machi
Kupunguza uzito. Niling'oa viti vyote vya nyuma peke yangu. Mgongo umekataa kunyooka. Mke wangu aliuliza watoto watakaa wapi. Sikuwa nimefikiria mpaka huko. Viti vimerudi.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata dawa! Fundi amenieleza kuhusu propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Likifunguliwa, yanavuta ya mbele tu, na mafuta yanapungua. Alinikumbusha kwamba naishi bondeni. Nikamjibu mvua bado. Alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayejiandikia dawa. Akafungua. Propela iko stoo, nyuma ya magunia ya mkaa. Mke wangu hajui.

Jumapili, 10 Machi
Kilomita themanini na nne kwa lita kumi na nusu. Nane kamili kwa lita! Nilimpigia shemeji. Hakupokea. Nikamwandikia ujumbe. Hakujibu. Wivu.

Keshokutwa mama mkwe anapasuliwa macho. Amengoja nafasi hiyo miezi minane. Mtoto wetu wa mwisho ana mwaka na nusu, na bibi yake anamjua kwa sauti na kwa kumpapasa tu. Leo alimshika uso, akaniuliza ile pua ni ya nani. Nikasema yangu. Akanipa pole.

Jumanne, 12 Machi
Naandika jioni.

Mvua ilianza alfajiri. Tulitakiwa hospitali saa tatu. Mama mkwe alikuwa tayari tangu saa kumi na mbili, amevaa gauni lake la heshima. Tukafika katikati ya mlima. Magurudumu ya mbele yakazunguka, yakarusha tope mpaka kwenye kioo. Ya nyuma yametulia kama wageni.

Mke wangu akasema, "Tia nguvu ya nyuma."

"Haipo."

"Haipo, imekwenda wapi?"

"Iko stoo."

Hakupiga kelele. Alifunga macho tu. Kisha akampigia kaka yake, aliyekuwa akitungoja juu kwenye lami.

Shemeji aliteremka kwa miguu, suruali imekunjwa magotini. Akainama mlangoni. "Mama, panda." Akambeba mgongoni mlima mzima. Mara tatu aliteleza akapiga goti, na mara zote tatu gauni la mama halikugusa tope. Nilifuata nyuma na mkoba wake na mwavuli. Shemeji alisema na mama tu. Afadhali angenitukana.

Tulifika saa tano. Muuguzi alisema zamu yake imepita, arudi baada ya wiki saba. Mama mkwe alikuwa ameshavua hereni. Akazivaa tena, polepole, akitafuta tundu kwa vidole.

Nyumbani nilimpigia magoti, nikamweleza yote.

"Ulipunguza lita ngapi, mwanangu?"

"Moja na nusu, mama."

"Basi si haba," akasema, akanipapasa kichwa.

Nimelia chooni.

Jumatano, 13 Machi
Propela imerudi. Shemeji alikuja bila kuitwa. Alilala matopeni chini ya Ukumbi, akaishikilia huku fundi akifunga nati. Niliomba radhi. Alisema niombe kwa mama. Nikamwambia nimeshaomba. Akasema niombe tena.

Mchana muuguzi alipiga simu. Kuna mgonjwa ameahirisha. Ijumaa! Nilimwambia Mungu akubariki mara nne, akakata simu.

Ijumaa, 15 Machi
Mvua ile ile. Ukumbi umepanda bila kuteleza hata shibiri. Sikutazama geji ya mafuta. Nilitazama mara moja tu. Upasuaji umekwenda vizuri.

Jumamosi, 16 Machi
Wamemfungua mama mkwe bendeji. Mke wangu alimweka mtoto mapajani mwake. Mama mkwe alimtazama muda mrefu, akipitisha kidole kwenye nyusi zake. Machozi yakamtoka. Muuguzi akamkataza kulia, mama akaendelea. Shemeji akajifanya anatafuta funguo. Zilikuwa mkononi.

Kisha mama mkwe akanigeukia mimi. Alisema siku zote alidhani mimi ni mrefu.

Jumatatu, 18 Machi
Nimeapa mbele ya mke wangu na shemeji: propela haitoki tena. Nami ni mtu wa neno.

Leo nimepita kwa fundi, kumshukuru tu. Boneti ilikuwa wazi. Akanionyesha plagi za kuwashia injini. Nne. Nne! Nimemuuliza kwa upole kama tatu hazitoshi.

Ameweka spana chini, ameenda kukaa nje. Lakini hajasema hapana.