Madele kumi na mawili kwenye kofia ya Idi

Leo nimeadhirika, wenzangu, na nguo zangu mwilini.

Mnajua mimi nashona kofia za mkono. Hapa Dunda nimemshonea Mzee Shomari muuza kahawa kofia ya ndoa yake, na nduguze Athumani, Mbaraka na marehemu Juma Kidevu (kichwa kama fenesi, kilikula kitambaa cha watu wawili). Sasa mwanawe Shomari, Idi, anaoa Chalinze. Shomari akaniambia, "Bi Zuhura, na Idi umshonee wewe. Nataka madele ya kahawa yamzunguke kichwa kizima."

Sindano bado naiweza. Kuchora ndiko kumenishinda. Dele la mwisho nililochora kwa penseli, jirani aliniuliza bata huyu wa nani.

Mjukuu wangu Tatu anafundisha kompyuta. Asubuhi akaniambia, "Bibi, hatushiki penseli. Naiandikia maneno kwa lugha inaitwa Paitoni: anzia mraba huu, piga mstari mpaka ule, pinda hapa. Maagizo ya kuchora watu wameshayatunga, mimi nayaita tu. Na mchoro huu hata uukuze vipi, mstari haupauki."

Haya. Nikamsomea kama ninavyohesabu nikishona.

"Kitako cha dele, mraba wa kwanza. Tumbo, wa pili mpaka wa tano. Mdomo, wa saba. Kishikio kulia."

Akaandika dele moja, akaongeza neno la kurudia mara kumi na mbili, yakajipanga yenyewe. Kisha akatazama kioo cha kompyuta, akakunja uso.

"Bibi, mbona kama yamesimama kichwa chini?"

"Wewe umeshona kofia ngapi?"

"Hata moja."

"Basi andika unavyoambiwa. Kofia hushonwa imegeuzwa."

(Uongo. Miwani sikuwa nayo, sikuona kitu, na kiburi kilikuwa karibu.)

Akautuma mchoro stesheneri, akaenda kazini. Mimi nikaufuata, nikapewa karatasi imeviringishwa, nikapita nayo moja kwa moja kwa Shomari. Nikawakuta wakwe wa Chalinze wamekaa barazani wanakunywa kahawa. Nikasema moyoni, vizuri, waione kazi. Nikaikunjua mbele yao.

Wakapinda shingo wote kutazama.

Baba wa bibi harusi, Mzee Mrisho, akakohoa. "Shomari, biashara unafunga?"

Nikavaa miwani. Madele kumi na mawili, vitako juu, midomo chini, yote yanamwaga.

"Ah, nimeishika vibaya," nikasema, nikaigeuza karatasi. Madele yakasimama wima. Nikashusha pumzi. Shomari hakushusha yake.

"Bi Zuhura, kishikio mbona kimehamia kushoto? Mimi lini nimemmiminia mtu kahawa kwa mkono wa kushoto?"

"Labda ndiyo unaanza na sisi wakwe," akasema Mrisho, na baraza zima likaangua kicheko.

Mama Idi, Bi Saumu, hakucheka. Hilo ndilo lililonikata maini. Akaniambia kwa upole, "Bibi, macho yamechoka. Usijitese. Idi tutamnunulia ya mashine."

Ya mashine. Kwenye nyumba ambayo kila kichwa nimekivisha mimi.

Nikampigia Tatu palepale.

"Bibi, ile miraba ulihesabu kuanzia wapi?"

"Chini, kwenye ukingo. Kofia unaanzia wapi, angani?"

"Kompyuta inaanzia juu. Mraba wa kwanza kwake ni wa juu kabisa. Na asubuhi nilikuuliza."

(Simu ilikuwa kwenye spika. Wamesikia wote, mpaka paka.)

"Kwa hiyo tumeharibikiwa?"

"Hapana, Bibi. Nabadilisha mstari mmoja wa maagizo, yote kumi na mawili yanageuka."

Mrisho hajamaliza kikombe, picha ikafika. Bi Saumu akaichukua simu yangu, akaikuza kwa vidole viwili. Vitako chini, vishikio kulia. Akaangalia dele moja moja, na mimi nimebana pumzi kama mwari. Kisha akanirudishia.

"Basi kata kitambaa, Bibi."

Alhamdulillahi. Maana kitambaa kilikuwa bado kizima kabatini. Ningekuwa nimekikata jana, saa hizi ningekuwa nahamia Ubena.

Tatu nimemtaka radhi, mbele ya shoga zake, kama alivyodai. Na nyinyi mwenye kucheka acheke, ila kichwa chake asiniletee kupima.