Njia ya Nyololo kwa Ndege ya Sebuleni

Jumatatu, 9 Juni 2025. Ilomba, Mbeya.

Mshenga wangu, mzee Asukile, amerudi kutoka Nyololo. Baba yake Eveline, msichana ninayemposa, mzee Sedekia, anakuja Jumamosi kutoa jibu la posa. Vizuri! Vibaya: alipoulizwa kijana anafanya kazi gani, Asukile alijibu narusha ndege. Anasema aliniona kwa macho yake. Ndiyo, kwenye mchezo wa kompyuta! Mimi ni fundi simu. Nilipaswa kumrudisha akasahihishe, nikaliacha hivyo hivyo. Anord naye kamposa Eveline, na ana Fuso ya kubebea vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Fundi simu atashindanaje na Fuso?

Jumanne, 10 Juni.

Nimepata akili! Nimempigia Eveline amwambie baba yake kwamba marubani tuna mtambo wa mazoezi nyumbani. Jumamosi nitamrusha kutoka uwanja wa ndege wa Songwe hadi Iringa, tupite juu ya shamba lake la chai Nyololo, yeye amekaa kwenye kochi. Eveline akasema nimwambie ukweli tu, baba hana ubaya na mafundi. Haelewi ushindani, maskini.

Alhamisi, 12 Juni.

Faili la safari limegoma kuingia. Nimelipanga vizuri kwenye simu: Songwe, Nyololo, Iringa. Nikilipeleka kwenye simulator, ule mchezo wangu wa kurusha ndege, linakataliwa. Nyololo haina uwanja wa ndege, kwa hiyo nimeiandika kwa namba za ramani. Limegoma. Nikabadilisha jina la faili. Likagoma. Nikazima, nikawasha, nikasali. Likagoma! Mama mmoja kachukua simu yake mezani kwangu, akasema leo sina akili. Kweli sina.

Ijumaa, 13 Juni.

Limekubali! Kompyuta ilikuwa inalalamikia alama ya kutoa mbele ya namba ya Nyololo. Nikaifuta, faili likaingia papo hapo. Kumbe jambo dogo hivyo! Sijaruka kulijaribu. Kitu kikishakubali, usikichokoze.

Jumamosi, 14 Juni.

Aibu! Aibu tupu!

Mzee Sedekia alikuja na koti lake la kanisani. Nikamwamkia, akakaa kochini, akauliza mkanda uko wapi. Tukaondoka Songwe salama. Nikaongeza kasi ya mchezo ili tufike chai ikiwa ya moto. Ndege, ikilifuata faili langu, ikageukia kaskazini. Nikasema ni upepo. Mzee akasema Nyololo iko kule, akaonyesha jikoni kwangu, na ndiko iliko. Nikamjibu kwamba ndege hazifuati barabara. Kisha yakatokea maji upande wa kushoto, mengi, hayaishi. Mzee akauliza Nyololo wamepata bahari lini. Lilikuwa Ziwa Victoria! Kumbe ile alama niliyoifuta ndiyo inayosema kusini mwa ikweta. Bila hiyo, Nyololo yangu iko Ethiopia.

Mzee akasema kwa upole kwamba ni vigumu kumpa binti mtu asiyejua njia ya ukweni. Halafu akatoa simu yake iliyokataa kuchaji, akauliza kama hapa Ilomba kuna fundi. Asukile, aliyekaa pembeni yangu, akanikanyaga mguu. Lakini rubani atashikaje bisibisi mbele ya mkwe? Nikasema kazi hizo sizijui.

Jumatatu, 16 Juni.

Eveline kapiga simu, analia kwa hasira. Anord aliipeleka ile simu ya baba yake kwa fundi, ikapona, na sasa nyumba nzima inamsifu Anord kwa kazi ya mikono ya mwingine. Jibu bado halijatolewa, Eveline amemwomba baba yake asubiri kidogo. Ananisihi niende Nyololo mwenyewe, nikae mbele ya mzee, niseme mimi ni fundi simu, basi.

Nampenda huyu msichana, na nikimkosa sijui nitaishije. Nimetafakari sana na nimekiri kosa langu. Ndege lilikuwa wazo baya. Angani hakuna njia, mtu yeyote anaweza kupotea. Nimemtuma Asukile Nyololo akawaambie nimeacha urubani, sasa naendesha treni. Simulator yake naipakua sasa hivi. Treni itapotelea wapi, na ina reli?