Sifuri Kwenye Meza ya Injinia

Jumatatu, 4 Machi

...na mpira ukaendelea kuvuja, na mimi nikaendelea kusimama juu yake. Sikuutoboa mimi. Nilikanyaga tu, msumari ulikuwa chini. Mzee Mpira akauliza kwa sauti nani kaharibu kifaa chake cha miaka ishirini. Watu wakatazamana. Mimi nikatazama viatu vyangu. Huwa vinanisaidia sana hivi viatu.

Jina kalipata kwa mpira huohuo. Mrefu, unaona mpaka ndani, umejaa maji. Mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, maji yanatulia, anapiga alama ukutani. Basi, kapima. Leo kakata penye tundu, kaunga na kipande cha bomba, dakika tano yuko kazini. Nilitegemea siku mbili angalau.

Maana mambo ni haya. Asubuhi Injinia wetu, mwanamama, katukusanya. Jengo hili linaisha, mafundi wengi watapumzishwa, ila jengo la pili anataka mtu mmoja wa vipimo. Atafundishwa kile chombo cha miguu mitatu. Nani anataka? Mzee Mpira akasema hakuna haja ya kuuliza, yeye anapima tangu Injinia hajaota meno. Watu wakacheka. Injinia naye akacheka, akauliza tena kama kuna mwingine.

Mkono wangu ukapanda wenyewe. Niliuona tu uko juu.

Akasema haya, twende kwa vitendo. Bafu za chini. Mabomba ya maji machafu upande wa kushoto atalaza Mzee, kulia mimi. Jumamosi yanamwagwa maji. Anayetaka kazi, maji yake yafike chemba, lile shimo la maji machafu nje.

Naitaka hii kazi kuliko kitu chochote. Mtu wa vipimo haongei sana. Anataja namba, watu wananyamaza wanaandika. Mimi hapa wananiita Bubu.

Jumanne, 5 Machi

Nina silaha. Mzee hajui.

Nimepakua programu kwenye simu, kwa bando la dada. Unalaza simu juu ya kitu, inakuambia kimeinama nyuzi ngapi. Kikiwa sawa inawaka kijani. Bomba langu linatakiwa kuteremka nyuzi moja kwenda chemba. Moja tu. Darasa la sita sikumaliza, lakini moja naijua.

Programu ina sharti. Kwanza lazima uilaze mahali palipo sawa kabisa, ubonyeze SIFURI. Nikafikiri sana. Sakafu zetu siziamini, nilikuwepo zikimwagwa. Mwisho nikaona: meza ya Injinia! Mtu aliyesoma miaka yote ile hawezi kuchorea jengo juu ya meza mbovu.

Nikaingia kwenye kibanda chake cha mabati, nikasema nimetumwa na stoo. Akauliza kusema nini. Hapo sikuwa nimepatunga. Bahati penseli yake ikaanguka, nikaiokota. Nikaiweka mezani, ikaanguka tena. Nikaiokota tena. Mara ya tatu akaichomeka sikioni mwenyewe, akageuka kupokea simu. Nikalaza yangu, nikabonyeza. Sifuri. Kijani.

Jioni nimeijaribu nyumbani. Naishi kwa dada, na ni miezi miwili ananiomba shelfu ya jikoni. Nimempigilia leo. Kijani mwanzo mpaka mwisho. Dada kasema mbona kama imelala upande. Nimemwambia hayo ni macho tu.

Jumatano, 6 Machi

Mita tisa zimelala. Kila kipande naweka simu, nasoma, naongeza mchanga, nasoma tena. Upande wa chemba umekula mchanga mwingi sana. Waliochimba ule mtaro hawajui kazi.

Saa tano Mzee Mpira akaja. Akachuchumaa, akafumba jicho moja. Akasema, "Mwanangu, hili bomba lako linatazama mbinguni."

Nikamwonyesha kioo cha simu. Moja kamili. Akasema simu yeye anampigia mkewe tu, hajawahi kuilaza kwenye bomba. Akataka alete mpira wake, tupime pamoja, dakika mbili, hata soda hanidai. Nikatikisa kichwa. Akauliza kwa nini. Nikatikisa tena. Najua hizo mbinu. Leo anakusaidia, kesho anatangaza kakusaidia.

Halafu simu ikalia katikati ya kupima, ikateremka kwenye bomba, ikaingia mchangani. Dada. Anasema glasi akiziweka katikati ya shelfu, akigeuka kidogo anazikuta ukingoni. Nimemnong'oneza azikaushe vizuri. Glasi zenye maji lazima ziteleze.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeamka na wazo baya. Vipi Mzee akija na mpira wake wakati mimi niko stoo? Akagusa kitu? Mtu wa miaka hiyo ana mikono ya siri.

Dawa ni kufukia. Kufika saa mbili nilikuwa nimeshafukia mita zote tisa na kushindilia kwa miguu. Lakini kwanza nikapiga picha, kila maungio na simu... hapana, simu ndiyo inapiga picha, isingeweza kujipiga yenyewe. Nikaazima simu ya mlinzi. Picha arobaini na moja. Kila moja: bomba, simu yangu juu, nyuzi moja.

Mzee kapita, kakuta udongo. Kauliza nimefukia kabla ya maji kumwagwa, nani kanifundisha. Nimetazama viatu. Kasema haya kijana wangu, ardhi haina haraka.

Mlinzi kanirushia picha zote, nami nimemtumia Injinia. Bila neno, maana neno lenyewe nililitafuta mpaka chakula cha mchana sikulipata. Saa kumi akajibu kidole gumba. Kimoja.

Nimekitazama jioni nzima. Dada kauliza huyo ni nani. Nimesema ni mambo ya kazi. Kasema kazi gani ya kuchekea peke yako.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Wote tumejibana ofisini kwa Injinia. Paa linavuja juu ya meza palepale. Lakini nimeona jambo la ajabu kwa macho yangu: tone likidondoka mezani halikai. Linajipanga na wenzake, wanateremka mstari mmoja hadi kona, wanaingia kwenye ndoo. Michoro iko mikavu upande wa juu.

Nimewaza, huyu mama ana bahati. Hata maji yanamheshimu.

Mzee Mpira naye alikuwa anaitazama meza. Halafu akanitazama mimi. Anaogopa kesho, nadhani.

Jumamosi, 9 Machi

Ameanza Mzee. Ndoo moja tu. Aliyesimama kwenye chemba akasema yamefika, tena na povu lake.

Wakahamia kwangu. Injinia akasimama bafuni kwangu kabisa, na viatu vyake vyeusi. Ndoo ya kwanza. Aliyeko chemba akasema pakavu. Ya pili, pakavu. Wakamimina ya tatu. Nikasikia bomba linaguna chini ya udongo, kama mtu aliyeamshwa. Maji yakarudi tundu lilelile yalikoingilia. Mengine yakaingia kiatuni kwa Injinia.

Injinia akavua kiatu, akakimimina.

Wakafukua ncha zote mbili. Mzee akaja na mpira wake wenye kiraka, nikashika ncha moja mwenyewe. Upande wa chemba uko juu ya upande wa bafu karibu shibiri nzima. Nilikuwa nimeyajengea maji mlima.

Injinia akauliza sifuri niliichukua wapi. Nikanyoosha kidole. Kibandani. Mezani kwake.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Ile meza, kasema, kaiinamisha kwa mkono wake mwezi wa pili, kaweka tofali chini ya miguu miwili, ili maji ya paa yasikae kwenye michoro. Kazini wote walijua. Basi ukaanza mkutano wa kunicheka. Mmoja akaniita Injinia wa Mbinguni. Naona hilo litakaa kuliko Bubu.

Mzee peke yake hakucheka. Alikuwa kainama kwenye bomba langu. Akasema maungio hayajavuja hata tone, kijana ana mkono, kasoro ni kuelekea tu. Kisha akasema jambo ambalo naona lilimuuma: kile chombo cha miguu mitatu kakichungulia juzi, zile namba ndogo ndani hazioni. Kazi anaichukua, lakini apewe mtu mwenye macho wa kumsomea.

Injinia akafikiri. Kasema nafasi ni moja, na ni ya Mzee. Mimi nitakuwa macho yake wiki mbili, tuone. Kwa sharti mita tisa zote nizilaze upya kesho, Jumapili, kwa mpira, nikiwa na Mzee. Na simu ikae mfukoni.

Nikasema ndiyo. Kwa sauti. Watu wakageuka.

Tukiondoka Mzee akaniambia polepole kwamba ule mpira Jumatatu aliuona chini ya kiatu changu tangu mwanzo. Alikuwa anasubiri niseme.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala vizuri, nimeamka na akili mpya. Nimelielewa kosa langu. Simu haikukosea hata kidogo. Ilikosea meza! Simu iliambiwa sifuri ni pale, ikaamini, ikafanya kazi yake kwa uaminifu. Tatizo ni kuiamini meza ya mtu mwingine. Safari hii nitaanzia mahali nilipopajenga kwa mikono yangu.

Injinia kasema simu ikae mfukoni. Sawa, itakaa. Mzee akiinama kujaza maji nitaitoa kidogo tu, nihakikishe mpira wake hautudanganyi. Una kiraka ule.

Kwa hiyo sasa hivi nimeingia jikoni, nimesogeza glasi, nimelaza simu juu ya shelfu niliyompigilia dada, nimebonyeza SIFURI upya. Kijani, bila hata kutikisika.

Lazima niende. Mzee Mpira yuko mlangoni na mpira wake shingoni, anapiga mluzi. Na huko jikoni kumevunjika kitu, halafu kingine, na dada ameanza kuniita kwa jina langu lote.