Barua ya Likizo kwa Vipande

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimerejea Nkwenda kutoka semina ya Bukoba. Si mtu yule aliyeondoka. Mwezeshaji alitufungua macho: kazi kubwa ikatwe vipande, timu ndogo ikutane kila asubuhi, wima, kwa robo saa, mteja apewe kitu mapema, atoe maoni, kirekebishwe. Mzunguko mmoja, wiki mbili. Chama chetu cha ushirika wa kahawa hakijapata kuona jambo kama hili. Litaonwa kupitia mimi, Melkiory, Afisa Utumishi Daraja la Tatu. Meneja wetu, Mzee Methodius, anatafuta Mkuu wa Utumishi. Tunaotajwa ni wawili: mimi na Adelgunda wa masijala. Adelgunda hakwenda semina. Maskini!

Nimechora ubao wa safu tatu: Yanayongoja, Yanayofanyika, Yaliyokwisha. Trei ya barua nimeisukuma pembeni. Trei ni mambo ya kale.

Jumanne, 4 Juni

Mkutano wa kwanza wa wima, saa mbili kamili. Walikuwapo Adelgunda, Polikarpi dereva na mzee Gaspari mlinzi. Gaspari aliuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefiwa. Kabla sijajibu, Meneja akaingia. Nani atamwacha Meneja wima? Likaletwa benchi. Mtu akishaketi huku kwetu lazima asalimiwe, aulizwe habari za nyumbani, apewe kahawa ya kutafuna. Adelgunda alifungua kikapu chake kidogo, punje zikazunguka mkono kwa mkono. Hakuna anayeinuka wenzake wakitafuna. Robo saa yangu iliisha saa nne na nusu.

Hata hivyo, mteja amepatikana! Immaculata, karani wa mizani wa kituo chetu cha Igurwa. Ana mimba ya miezi minane na ushee. Anaomba barua ya likizo ya uzazi aende kupumzika kwa mama yake. Anayeondoka kituoni bila barua huandikwa mtoro, na kazi imekwenda. Mtoto anatarajiwa tarehe ishirini. Adelgunda alisema ataitaipu papo hapo, nusu saa tu. Nilimzuia kwa heshima. Barua hii itatoka kwa mfumo.

Alhamisi, 6 Juni

Kipande cha kwanza kimemfikia mteja, siku mbili tu! Karatasi yenye jina la chama, kumbukumbu namba na tarehe. Immaculata aliitazama mbele, akaigeuza nyuma.

“Bwana Utumishi,” akasema taratibu, “hii inaniruhusu kwenda wapi?”

Nilimweleza kwamba likizo yenyewe imo katika kipande cha nne. Nikamwomba maoni. Maoni yake: miguu imevimba. Nimeyaandika kwenye kadi na kuyabandika safu ya kwanza.

Jumatatu, 10 Juni

Kipande cha pili: jina lake kamili, na chini yake “Yah: Likizo”. Likizo ya nini, tutaona mzunguko ukisonga. Meneja alipita, akasimama mbele ya ubao, akasema hajawahi kuona barua inayokomaa polepole kama mkungu wa ndizi. Nimesifiwa, nadhani.

Adelgunda ameniambia kwamba mtoto aliye tumboni hasomi ubao. Wivu.

Jumatano, 12 Juni

Siku nzito. Immaculata aliingia saa tatu, ameshika ukuta. Nilimnyooshea kipande cha tatu. Hakukipokea.

“Uchungu umeanza, Bwana Utumishi. Nikienda sasa, nitaandikwa mtoro?”

Niligeukia ubao kutafuta kadi ya uchungu. Adelgunda akanyoosha mkono kwenye trei yangu, akatoa barua nzima: likizo ya uzazi, siku themanini na nne, sahihi, mhuri. Aliitaipu Jumanne ile ile. Meneja akaisaini angali anatafuna kahawa, nayo ikawekwa kwenye trei ili niikabidhi mwenyewe, kwa kuwa utumishi ni dawati langu. Imelala humo siku nane!

Polikarpi aliwasha gari kuelekea hospitali ya Nyakahanga. Nilipanda nyuma nikiwa nimepakata kikapu cha nguo za mtoto. Kila gari liliporuka shimoni, Immaculata aligeuka kuniuliza kama barua ninayo. Ninayo, nilimjibu. Njia nzima sikuiachia.

Ijumaa, 14 Juni

Mtoto wa kike! Mama mzima, barua iko chini ya mto wake, kazi yake ipo.

Meneja ametangaza Mkuu wa Utumishi: Adelgunda. Nilimpongeza, na nilimaanisha. Alinimiminia kahawa ya kutafuna kiganjani, mimi wa kwanza kabla ya Meneja.

“Bwana Melkiory,” akasema, “moyo wako hauna kasoro. Kasoro ni mkasi.”

Sijamwelewa vizuri, lakini alisema kwa upole.

Kisha Meneja akauliza nani atashika mizani ya Igurwa kwa siku zote themanini na nne za likizo ya Immaculata. Wote wakanigeukia kwa pamoja. Kuaminiwa huku! Naripoti Jumatatu. Kasoro ya kituo kile nimekwisha kuiona: wakulima huleta kahawa magunia mazima mazima, ikapimwa kwa mkupuo mmoja. Mkulima atatoaje maoni? Nimenunua kikombe cha bati. Kuanzia Jumatatu, kila gunia litapimwa kikombe kimoja kimoja.